Chanjo ya Homa ya Ini Isingoje Kliniki

Bibi mmoja alinikemea wodi ya wazazi: "Sista, mtoto hata maji hajaogeshwa, wewe umeshashika sindano!" Binti yake alikuwa amepimwa na kukutwa na kirusi cha homa ya ini aina ya B. Nilichukua karatasi nikamchorea herufi Y.

Hilo ndilo umbo la kingamwili, mfano wa panda ya manati. Ni protini yenye nyuzi nne, mbili nzito na mbili nyepesi, zilizofungwa pamoja. Ncha za mikono yake miwili ndizo zinazomkamata adui, na kila aina ina adui wake. Ile ya surua haikitambui kirusi cha homa ya ini. Inayotakiwa hapa hushika protini ya ganda la nje la kirusi, ile aliyoigundua Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kirusi kikishikwa ganda hakiwezi kuingia kwenye ini. Kikiwahi kuingia ndani ya seli, kingamwili haikifuati humo.

Mkia wa hiyo Y nao una kazi. Kondo la nyuma huushika mkia huo na kuivusha kingamwili kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Basi mtoto huzaliwa na kinga ya mama yake. Lakini mama aliyekaa na kirusi hiki miaka mingi kwa kawaida hana kingamwili ya kutosha dhidi ya ganda lile, na asichokuwa nacho hawezi kumvushia mwanawe. Mtoto hukutana na kirusi katika damu, saa ile ile ya kuzaliwa.

Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu wanaosema, "Atachomwa kliniki." Chanjo ile ya mchanganyiko, pamoja na dondakoo, kifaduro na pepopunda, huanza baada ya wiki kadhaa. Kati ya watoto 10 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hivi hubaki na kirusi, na wengine huja kupata saratani ya ini ukubwani. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24. Dozi hiyo ni ya homa ya ini peke yake. Ya mchanganyiko haifai kwa mtoto wa siku moja. Ipo pia sindano ya kingamwili zilizo tayari, lakini ni ghali. Kwa maoni yangu, hospitali yoyote inayozalisha iwe na dozi hii kwenye jokofu, hata Jumapili usiku, na kila mjamzito apimwe kama anavyopimwa kaswende.

Bibi aliitazama ile Y, akauliza kama binti yake naye achomwe. Nikamwambia, "Hapana bibi, yeye kirusi kimeshaingia. Aendelee kunyonyesha, na amwone daktari apimwe ini. Mlete baba wa mtoto, tumpime. Akiwa hana, tumchanje."