Ufunguo Tumepewa, Nyumba Iko Wapi?

Chema chajiuza. Mashine ya gemu ya Nintendo Switch 2 ilipoingia sokoni Juni 5, 2025, zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa duniani ndani ya siku nne. Bei yake Marekani ilikuwa dola 449.99, ilhali Switch ya kwanza, ya mwaka 2017, ilianza kwa dola 299.99. Ukiishika tu, unaelewa watu walikuwa wanagombania nini.

Pedi zake mbili hazitelezeshwi tena kwenye reli. Unazisogeza karibu, sumaku inazivuta, zinanasa zenyewe. Moja ukiilaza ubavu mezani, inageuka kipanya. Kioo kimekua kutoka inchi 6.2 hadi 7.9, na hifadhi ya ndani kutoka gigabaiti 32 hadi 256. Gemu nyingi za mashine ya zamani zinachezeka humu, kwa hiyo mwenye kadi zake za miaka yote hatupi kitu. Betri ndiyo ya kulalamikiwa: kampuni yenyewe inaitajia saa mbili hadi sita na nusu, na gemu nzito haikufikishi huko mwisho.

Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi uko kwenye makasha ya gemu.

Chukua mawili. La Cyberpunk 2077 lina kadi ya gigabaiti 64, na gemu yote imo humo. La Street Fighter 6 nalo lina kadi, umbo lile lile, lakini chini ya kasha kuna maandishi yanayokuonya kwamba gemu itabidi uipakue kwa intaneti. Kadi hiyo ni ufunguo tu. Asiyesoma maandishi yale ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halina mbuzi.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja. Kadi yenye nafasi kubwa ina gharama. Tena ufunguo huu unaweza kumwazima mtu yeyote au kuuuza, jambo lisilowezekana kwa gemu uliyoinunua mtandaoni na kufungwa kwenye akaunti yako. Ni kweli. Lakini kila anayeupokea anaanza upya kupakua makumi ya gigabaiti. Kwa mwenye waya wa intaneti nyumbani, hilo ni suala la kusubiri. Kwa kijana wa Mbagala au Kayole anayeishi kwa bando la simu, kadi aliyoipata kwa bei ya mtumba ina bei ya pili inayomsubiri.

Halafu kuna suala la miaka. Machi 27, 2023, Nintendo ilifunga mauzo kwenye maduka ya mtandaoni ya mashine zake za zamani, 3DS na Wii U. Walionunua kabla waliachiwa kupakua tena walichokilipia, lakini ruhusa hiyo iko mikononi mwa kampuni. Kadi yenye gemu ndani haiombi ruhusa. Inahitaji mashine nzima na umeme.

Kwa hiyo mashine naisifu bila kusita. Ninachopinga ni ufunguo kuuzwa kwa bei ya nyumba. Kama kampuni zinaokoa gharama ya kadi, nafuu hiyo imfikie pia anayebeba gharama ya bando. Hadi hapo, ukiwa dukani, usihadaike na picha ya juu: teremsha macho hadi ukingo wa chini wa kasha, usome, ndipo utoe pesa.