Usimwite Samaki Mkorofi, Wewe Ndiye Uliyemnyima Mlango

Sikizeni mabeshte, leo nitaudhi watu na sitaomba radhi.

Kuna video zinazunguka sana siku hizi. Tangi la kioo sebuleni, taa ya buluu, muziki juu, na ndani mna oska wawili, flawahoni mmoja na dubwana lingine lililonunuliwa juzi. Maandishi yanapita chini: nani atabaki? Mkubwa anamvamia mdogo, mapezi yananyofoka, watu wanacheka, laiki zinapanda. Wiki ya pili samaki wamebaki watatu. Wiki ya nne kabaki mmoja, na mwenye tangi anamwita "baba yao".

Wengine mmeniandikia mkiniuliza mbona mimi sifanyi za hivyo, ati zingenipa watazamaji. Zingenipa, najua. Kazi yangu ni video, hesabu ya watazamaji naielewa. Lakini hata ajali ya barabarani hukusanya watu.

Msimamo wangu ni huu: kuchanganya samaki wakubwa wenye kulinda himaya kwenye tangi dogo la nyumbani ni ukatili, na kumwita samaki mkorofi ni kumsingizia. Wazee waliposema mafahali wawili hawakai zizi moja hawakuwa wakiwatukana mafahali. Walikuwa wanamwambia mwenye zizi.

Tuanze na bahari yetu wenyewe. Aliyewahi kuvaa miwani ya kuzamia hapo Shelly Beach anajua ninachosema. Kuna visamaki vya urefu wa kidole vinavyolinda mwani wao juu ya mwamba kama mtu anayelinda shamba. Ukisogea, kimoja kinakujia usoni, kinakugonga miwani. Wewe mwenye kilo 60 unarudi nyuma. Ukishaondoka, nacho kinarudi shambani kwake, mambo yamekwisha. Mkunga ana pango lake, chewa ana lake, na wavuvi wanajua pango la nani liko wapi. Hakuna anayewaita wakorofi. Wako kwao.

Sasa hawa wa kwenye matangi. Oska, flawahoni, yule Wazungu wanayemwita shetani mwekundu, na Jack Dempsey, aliyepewa jina la bondia Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani mzito kuanzia 1919 hadi 1926. Wote ni ukoo mmoja, siklidi. Na mnamjua jamaa yao: tilapia, huyo huyo mnayemla na ugali. Dume la tilapia huchimba shimo la duara chini ya maji, hulisafisha, kisha hufukuza kila dume linalokaribia, ili jike likija likute pako sawa. Ukoo huu umetapakaa kwetu kuliko karibu popote duniani. Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi, kila moja lina mamia ya aina zake. Kwa hiyo tabia hii ya kulinda mahali haikuletwa na samaki kutoka dukani kama ugonjwa. Ndiyo maisha yake.

Ziwani au mtoni, ugomvi una mwisho. Wawili wanatunishiana mapezi, wanafungua midomo, pengine wanasukumana. Mmoja anaona hawezi. Anakunja mapezi, rangi inafifia, anaondoka. Kule kuondoka ndiyo lugha yake ya kusema "nimekubali". Mshindi akishaona mwenzake hayupo, anatulia.

Kwenye tangi, aliyeshindwa anaondoka aende wapi? Anakwenda sentimita 90, anagonga kioo, anageuka. Mshindi anamwona bado yupo mbele yake. Kwa akili ya samaki, asiyeondoka bado anataka vita, kwa hiyo anapigwa tena. Subuhi, mchana, usiku taa zikizimwa. Mpaka anakaa pembeni juu kabisa ya maji, mkia umeliwa, hali chakula, halafu mwenyewe anaandika "huyu alikuwa dhaifu". Aah wapi! Alikubali kushindwa tangu siku ya kwanza. Ni wewe uliyekataa kumpokelea.

Na hili si la mdomo wangu tu. Mwaka 2011 mtafiti Ronald Oldfield wa Case Western Reserve University, Marekani, alichapisha utafiti juu ya siklidi wa Midas, samaki wa maziwa ya Nicaragua na jamaa wa karibu wa shetani mwekundu. Aliwatazama kwenye matangi madogo ya kawaida na kwenye mahali pakubwa penye maficho mengi. Kuongeza nafasi kidogo hakukubadilisha kitu. Palipokuwa pakubwa kweli, pana maficho ya kutosha, ndipo ugomvi ulipopungua. Samaki ni wa aina ile ile. Kilichobadilika ni nyumba.

Sasa najua mtakavyojibu, manake nimeshajibiwa sana.

Jibu la kwanza: "Samaki hukua kulingana na tangi." Muuzaji mmoja aliniambia hivyo akinitazama machoni, bila haya. Ni uongo. Samaki akikaa kwenye maji machafu na nafasi finyu huweza kudumaa, kweli, kama mtoto asiyelishwa. Kudumaa si kuzoea. Oska anayetunzwa hukua karibu sentimita mbili na nusu kwa mwezi katika miezi yake ya mwanzo, hufika sentimita 30 na zaidi, na huweza kuishi miaka kumi na kupita. Sasa chukua rula. Tangi la futi tatu la kawaida lina urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 30. Samaki wa sentimita 30 kwenye upana wa sentimita 30 hawezi kugeuka bila kujikunja. Mmoja huyo, kabla hujamletea mwenzake wa kupigana naye. Ungekubali kulala chumba ambacho ukinyoosha miguu kichwa kinagonga ukuta, miaka kumi?

Jibu la pili lina akili kidogo: "Jaza wengi, kipigo kigawanyike." Hili lina ukweli, lakini mmeliokota nusu. Mbinu hiyo hutumika kwa mbuna, wale samaki wa mawe wa Ziwa Malawi, ambao wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Wakiwa wengi, na mawe yamejaa, na filta ina nguvu ya kutosha, hakuna mmoja anayeandamwa peke yake siku nzima. Sasa wewe umechukua sheria ya samaki wa kiganja ukaiweka kwa samaki wa mkono mzima. Ukijaza oska na flawahoni kwenye tangi la futi tatu hugawanyi kipigo. Unaongeza mavi.

Ndiyo, nimesema mavi, manake hapa ndipo wengi mnapoulia samaki bila hata ngumi moja kurushwa. Samaki mkubwa anakula sana na anachafua sana. Uchafu wake hutoa amonia, na yeye mwenyewe huitoa kupitia mashavuni. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaokaa kwenye filta wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitreti, ambayo ni nafuu na unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Wewe umenunua tangi Jumamosi, Jumapili umetia samaki wanne. Jumatano unasema wamerogwa.

Basi tupige hesabu kwa kipimo tunachokijua wote hapa Timbwani: mtungi wa lita 20. Oska mmoja, nasema mmoja, anahitaji tangi la karibu lita 280. Hiyo ni mitungi 14 kulijaza. Kila wiki ubadilishe robo, yaani lita 70, mitungi mitatu na nusu. Kwa mwaka ni mitungi 182. Wawili watatu wenye kupigania himaya wanataka tangi la futi sita, lita 500 na zaidi, mitungi 25 kwenda juu. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Likoni hutoka visima vya Tiwi, na sote tunajua mfereji ukikauka nini hufuata: mkokoteni, foleni, na bei anayopanga mwenye mkokoteni. Nyumbani mama anapanga maji ya kupikia na maji ya kuoga, nawe una mitungi 14 ya mavi sebuleni yenye taa ya buluu. Huwezi kuyabadilisha, kwa hiyo huyabadilishi. Na anayelipa ni samaki.

Bado stima. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na hapa kwetu maji ya tangi ni ya joto mwaka mzima. Stima ikipotea usiku, pampu imezima, samaki wakubwa watatu kwenye tangi dogo wanamaliza oksijeni upesi. Bakteria wa kwenye filta nao wanakosa hewa. Ukiamka unakuta midomo juu ya maji. Hiyo nayo mtasema ni ukorofi?

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi kabisa: "Ni samaki tu, si tunawala?" Tunawala, na mimi nawala, na changu wa kupaka simkatai. Mvuvi akimtoa samaki baharini kuna watu watashiba. Nani anashiba kwa samaki anayeng'atwa mkia mwezi mzima? Tuliopita madrasa tulifunzwa kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha atoke ajitafutie. Tulisimuliwa alivyoadhibiwa. Angalieni kosa lake vizuri. Alimfungia kiumbe kisha akamnyima njia. Hata kama wewe si Mwislamu, kisa hicho unakielewa.

Halafu kuna wale wanaochoka. Samaki kawa mkubwa, tangi linanuka, basi "ninamwachilia huru" kwenye bwawa au mto huko Kwale. Usithubutu. Samaki simba, yule wa mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, huku huku kwetu. Mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida, na wanasayansi wanaamini aliingia kutoka kwenye matangi ya watu. Leo ametapakaa Karibiani yote, anakula vidogo vya mwambani na hakuna wa kumzuia. Kwetu tuna somo la sangara, mbuta wa Ziwa Victoria. Yeye hakutoka tangini, aliingizwa makusudi miaka ya 1950 kwa ajili ya uvuvi, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu, siklidi wadogo wa ziwa lile, zilikuwa zimeporomoka. Samaki mkubwa asiye wa mahali pale hahitaji kuwa na nia mbaya ili aharibu. Anahitaji tu mtu wa kumtia.

Sisemi msifuge. Fugeni, lakini fugeni mnachokiweza. Ukitaka oska, fuga mmoja, kwenye tangi lake la futi nne, umjue, akujue, manake oska humtambua anayemlisha. Ukitaka rangi nyingi na pilikapilika, maji mengi ya visima vya huku ni magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu, na mbuna wa Malawi wanayapenda maji magumu, mradi yasiwe ya chumvi chumvi. Watilie mawe mpaka karibu na juu. Ukiwa na chumba kimoja na mtungi wa maji ni wa kuhesabu, kuna gapi, wadogo, warembo, na wanatosha.

Na kama tayari umeshawachanganya, usinitukane, fanya hili leo: weka kizuizi katikati ya tangi, cha kioo au cha plastiki yenye matundu, kisha tafuta nyumba kwa wa pili. Mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa. Utapoteza pesa kidogo na utapoteza video. Samaki atalala usiku.

Nanyi mnaotazama tu, msijitoe. Yule anatia samaki wa nne kwenye futi tatu kwa sababu mlimpigia makofi wa tatu alipokufa. Ukiiona video ya hivyo, usicheke, usiisambaze, pita.

Anayetaka kunipinga anipinge huko chini, nitasoma zote. Lakini aje na vitu viwili: urefu wa samaki wake akikomaa, na idadi ya mitungi anayobadilisha kila wiki. Asiye na hivyo asiniambie habari ya ukorofi.