BARUTI BAHARINI, MNUNUZI SOKONI



Kila alfajiri samaki hunadiwa pale Feri, Magogoni, na jua halijapanda wamekwisha fika Kariakoo na mitaa yake, wakapangwa mafungu. Mnunuzi huuliza bei. Ni wachache mno waulizao samaki huyu kavuliwa vipi. Sisi watu wa visiwani, ambao bahari yetu na yao ni moja, twasema kuwa swali hilo lapasa kuulizwa.

Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania Bara tangu mwaka 1970, na sheria ya 2003 ikakaza marufuku hiyo. Hata hivyo, mwaka 2015 watafiti walipita baharini kwa muda wa mwezi mmoja, toka upande wa Kenya hadi Msumbiji, wakiwa na vyombo vya kusikilizia chini ya maji. Walisikia milipuko 318. Zaidi ya nusu yake ilitokea mahali pasipozidi kilomita 80 toka Dar es Salaam. Ni dhahiri kwamba baruti iliufuata mji wenye wanunuzi.

Tangu 2016 dola ilipoingilia kati, milipuko imepungua sana, nasi twapongeza. Lakini hata mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la majini liliizima baruti, na macho yalipogeuzwa ikarudi. Doria huchoka, biashara haichoki.

Baruti haichagui. Huua mkubwa na mchanga, huvunja na matumbawe ambamo samaki hukulia. Mvuvi wa mshipi na dema hurudi na tenga tupu kwa kosa asilolitenda.

Wapo wasemao bahari haimaliziki. Hayo yalikuwa maneno ya watu wa Newfoundland, kwenye bahari ya baridi huko Kanada, waliovua chewa wao kwa karne nyingi. Wao hawakuangamizwa na baruti, bali na meli kubwa na serikali iliyochelewa kusema basi. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ule ulifungwa, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Ulifunguliwa 2024, baada ya miaka 32, nao chewa hawajarudi kama walivyokuwa. Ikiwa nchi tajiri ilipatwa na hayo, mvuvi wetu asiye na akiba atakula nini?

Kwa hiyo twadai haya. Samaki wakaguliwe wanaposhushwa, maana aliyeuawa kwa baruti hujulikana: nyama hulegea na mifupa huvunjika ndani. Tajiri anayemnunua kwa jumla ashitakiwe sawa na aliyerusha baruti, wala mkono wa sheria usiishie kwa maskini wa ngalawani. Na mama wa Kariakoo ambonyeze samaki kabla hajafungua kibindo.

Asiponunuliwa, hatauawa.