Uwanja mdogo, haki si ndogo



Kabla hujapita kwenda kwa video nyingine, nikuulize. Ushawahi kumuona mtu mzima anakataa maji kwa sababu leo anapanda ndege?

Mimi nimemuona. Mwaka jana nilimsindikiza mama mdogo kwenda Nairobi, alikuwa na miadi ya operesheni ya nyonga. Asubuhi nikamletea chai, akakataa. Nikamletea maji, akakataa. Nikadhani ni woga wa hospitali. Akaniambia, "Mwanangu, choo cha pale huwa kimefungwa. Na hata kikiwa wazi, mimi kuchutama siwezi."

Uwanja wenyewe siutaji jina. Nikitaja mmoja, wasimamizi wa vile vingine watadhani wamesamehewa.

Ndege ilikuwa ya saa nne asubuhi. Ikaja saa nane na nusu mchana. Muda wote huo hakuna aliyetutangazia lolote. Tulikaa chini ya mabati, viti vichache, watu wengi, jua la huku unalijua. Choo kilikuwa na kufuli kweli, na mwenye ufunguo "ametoka kidogo". Adhuhuri ilipoingia tulitawadha kwa chupa ya maji tuliyobeba kutoka nyumbani.

Kwenye ukaguzi, mama mdogo akatoa kitambulisho. Afisa akakiangalia, akamuangalia yeye, akasema lete kingine cha ziada. Kingine kipi? Hakusema. Kwa sheria gani? Hakusema. Mbele yetu alikuwa amepita mgeni na karatasi moja tu, akaambiwa karibu. Mama yangu, aliyezaliwa hapa na kupiga kura hapa, akaanza kupekua mkoba akitafuta cheti cha kliniki, kadi ya msikiti, chochote.

Halafu ngazi za ndege. Hakuna mteremko wa kiti cha magurudumu, hakuna kifaa cha kumpandisha mgonjwa. Vijana wawili wa mizigo wakamshika kwapani wakamnyanyua. Wale vijana walikuwa na adabu, Mungu awalipe, kosa si lao. Lakini mwanamke wa miaka sitini, na buibui lake, anabebwa na wanaume asiowajua mbele za watu. Hakusema neno mpaka Nairobi.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi silalamiki kwamba uwanja ni mdogo. Udogo si kosa. Hakuna aliyeomba maduka ya marashi wala ngazi za umeme. Ninachokataa ni hii tabia ya kuona kwamba uwanja ukiwa mdogo, basi na abiria wake pia ni mdogo.

Watakujibu hivi: "Viwanja hivi havina uwezo."

Haya, tuzungumze uwezo. Kwa miaka mingi ndege zinazotoka Mogadishu kwenda Nairobi zililazimishwa kutua Wajir kwanza. Abiria washuke, mizigo ishushwe, kila mtu akaguliwe, ndipo safari iendelee. Masharti hayo yakalegezwa, halafu Mei 2019 yakarudishwa tena. Angalia hapo vizuri. Serikali ilipotaka kumkagua msafiri, Wajir ilitosha. Maafisa walipatikana, vifaa vilipatikana, utaratibu ulipatikana. Lakini msafiri akitaka kivuli, choo na kiti, huku kwetu ghafla tunakuwa "mbali" na "padogo". Kumbe uwezo upo. Unaelekezwa kutushuku, hauelekezwi kutuhudumia.

Na pesa? Ukinunua tiketi ya ndani ya nchi, ndani ya bei kuna ada ya huduma ya abiria iliyowekwa kwa sheria. Ada hiyo haiangalii umeruka kutoka wapi. Anayeruka kutoka Mombasa, penye jengo na feni na mkahawa, na anayeruka kutoka Wajir au Manda, wote wanatozwa sawa. Hakuna ada ya bei nafuu kwa wanaosubiri chini ya mabati. Umelipia huduma, ndugu yangu. Si hisani.

Watasema, "Ndege ni ya matajiri, kwani hakuna basi?" Anayesema hivyo hajawahi kukaa kaskazini wala Lamu. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi pale Madogo. Aprili 2024 ikakatika tena, watu wakavuka kwa boti, na boti ikazama na watu wakafa. Novemba 2014 basi lilishambuliwa karibu na Mandera, abiria 28 wakauawa. Kwa hiyo huku mwalimu akipanda ndege, si kwa raha. Mama mjamzito akichangiwa nauli na ukoo mzima, si kwa kujionyesha. Na Manda ukishuka ndege bado hujafika, uko kisiwa kingine. Lazima uende gatini upande boti ndipo uione Amu. Hebu mfikirie mtu asiyeweza kutembea: anabebwa kushuka ndege, anabebwa kuingia botini, anabebwa kutoka botini. Mara tatu kwa safari moja.

Halafu kuna lile neno linalonyamazisha watu wote: usalama.

Sikiliza, sisi hatupingi kukaguliwa. Hayo mabasi yaliposhambuliwa, ni sisi pia tuliozika. Desemba 2015 basi lingine liliposimamishwa huko Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016. Basi asije mtu kutufundisha mapenzi ya nchi kwenye meza ya ukaguzi. Kagueni, lakini kagueni wote kwa kipimo kimoja. Mkiomba cheti cha ziada, semeni ni cha sheria gani, na muombe kila mtu, si mwenye jina fulani na mtandio fulani. Kitambulisho cha Mkenya ni kimoja. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangiwa foleni zao peke yao za kuchujwa, wakapewa kadi za waridi kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Februari 2025 Rais mwenyewe alitangaza kufuta ule mchujo maalum wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani. Kama umefutwa ofisini, usirudi kupitia mlango wa uwanja wa ndege.

Na kuna jambo la historia usilolisikia Nairobi. Februari 1984, wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji, na mamia wakauawa. Silinganishi foleni ya leo na damu ile, haki ya Mungu silinganishi. Nasema tu kwamba kwa wazee wetu, uwanja wa ndege, jua kali na mtu wa serikali anayekwambia "kaa hapo usubiri" ni picha yenye uzito. Serikali yenye aibu ingehakikisha kwamba Wajir, kuliko mahali pengine popote, hakuna mzee anayesubiri ndege bila kivuli na bila maji.

Sasa usiishie kukasirika. Hasira ya simu huisha na bando. Fanya haya.

Moja, jua Katiba yako. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu. Cha 39 ni uhuru wa kutembea nchini. Cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi wa ofisi ukikuumiza. Cha 54 kinampa mlemavu haki ya kufikia maeneo yote na usafiri wa umma. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa "isipokuwa viwanja vidogo".

Mbili, andika. Tarehe, saa, nambari ya ndege, jina au nambari iliyo kifuani mwa afisa, maneno yaliyosemwa. Usitoe simu ukapiga picha sehemu ya ukaguzi, utawapa sababu ya bure ya kukukamata. Uliza kwa adabu, "Afisa, ni sheria gani inayotaka cheti hiki?" Kisha andika jibu, hata likiwa kimya.

Tatu, ulizeni kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Muulize anayesimamia uwanja wenu: bajeti ya vyoo na maji ni ngapi, mteremko wa kiti cha magurudumu utajengwa lini, ufunguo wa choo anao nani? Wakinyamaza, peleka kesi Tume ya Haki ya Utawala. Kulalamika pale hakuhitaji wakili.

Nne, msiende mmoja mmoja. Barua ya mtu mmoja hupotea. Barua ya vijana, kina mama, walemavu na shekhe wa msikiti, yenye sahihi mia mbili, mtu ataitafutia faili.

Mama mdogo alipona, alhamdulillahi, anatembea na mkongojo. Mwezi ujao ana kliniki tena Nairobi, na tutapita uwanja ule ule. Safari hii nataka akubali chai asubuhi. Barua nishaiandika, na sahihi ya kwanza ni yake.

Ya pili ni nafasi yako. Andika chini hapo uwanja wa kwenu unaitwaje, na choo chake kiko wazi au kina kufuli. Tuanzie hapo.