Uvira: Watoto wanasoma bila kuelewa, tuwaandikie vitabu vya kwetu

Wiki iliyopita niliingia darasa la mwaka wa tatu wa msingi, katika shule moja hapa mjini Uvira. Mwalimu alimsimamisha binti mmoja asome ukurasa wa kitabu cha Kifaransa. Binti alisoma vizuri, kwa sauti, bila kukwama hata mara moja. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nikamwuliza kwa Kiswahili: “Mama, hadithi inasema nini?” Akamtazama mwalimu, kisha akainamisha kichwa. Nikauliza wengine watatu, hali ikawa ile ile. Na kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu kwa darasa zima.

Simlaumu mwalimu huyo. Sheria ya mwaka 2014 juu ya elimu ya taifa inasema kwamba katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa au lugha ya mahali anapoishi. Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa katika Katiba yetu, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na madarasa yamejaa. Lakini sheria haiwezi kusomwa na mtoto wa miaka minane. Anachohitaji ni kitabu mkononi, na kitabu hicho hakipo.

Vile vichache vya Kiswahili tunavyoviona vinatoka ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Ni vizuri, wala sivikatai. Lakini humo samaki wadogo wanaitwa dagaa, na majani ya muhogo yanaitwa kisamvu. Mtoto wa Kalundu anajua ndagala na sombe. Akikuta maneno mageni matatu katika kila ukurasa, ataona kwamba hata Kiswahili cha kitabuni ni lugha ya watu wengine, kama Kifaransa.

Kwa hiyo nasema wazi: vitabu vya watoto wetu viandikwe hapa hapa, na watu wa hapa. Tusikae tukingojea mfadhili au nyumba kubwa ya uchapaji ya Kinshasa.

Najua wazazi wengine watanijibu: “Tunampeleka mtoto shuleni ajue Kifaransa, Kiswahili anakijua tayari.” Wazazi wenzangu, kukisema si kukisoma. Mtoto aliyezoea kusoma na kuelewa katika lugha ya nyumbani atadai kuelewa hata atakapofika kwenye Kifaransa. Yule aliyezoea kutamka tu ataendelea kutamka tu, hata akifika sekondari.

Wengine watauliza: Kiswahili gani? Sanifu, au hiki chetu cha sokoni? Mimi ningesema hivi: tahajia na sarufi zifuate Kiswahili sanifu, ili mtoto asipotee atakapokutana na vitabu vingine. Lakini majina ya vyakula, samaki, mahali na watu yabaki yetu.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Karatasi 4 za kawaida, zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati, zinatoa kijitabu cha kurasa 16. Kila ukurasa una picha moja na sentensi moja au mbili chini yake. Wachoraji tunao: tazameni vibao vya masaluni na maduka yetu. Hadithi tunazo: wavuvi wanaotoka usiku na taa zao, mama anayeuza ndagala sokoni, sungura na fisi wa bibi zetu. Na anayeogopa kuanza peke yake anaweza kuchukua hadithi za mradi wa African Storybook kwenye intaneti, ambazo zinaruhusiwa kutafsiriwa na kuchapwa bila malipo.

Ila kuna kosa moja ambalo hatupaswi kulifanya: kudhani kwamba kumwandikia mtoto ni kazi rahisi. Mimi nimejaribu. Niliandika hadithi ya usiku ule wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu. Nikawasomea watoto wa jirani. Kwenye ukurasa wa tano mmoja akanikatiza: “Papa, hapa umedanganya. Maji hayakutoka ziwani, yalitoka mlimani.” Kweli, nilikuwa nimechanganya mafuriko ya mto na maji ya ziwa yaliyopanda baadaye. Ukurasa wa tisa wakaanza kucheza, hakuna aliyesikiliza tena. Nikajua kwamba pale nilikuwa nahubiri. Kurasa hizo nimeziandika upya mara tatu. Hadithi yoyote isomwe kwanza mbele ya watoto kabla franga moja haijaenda kwenye fotokopi.

Jambo la mwisho ni malipo. Mwandishi na mchoraji waandikwe majina kwenye jalada, na wapatane kwa maandishi juu ya fungu la kila mmoja, hata kama ni kidogo. Tukiwazoeza kufanya kazi ya bure, kitabu cha kwanza kitatoka, cha pili hatutakiona.

Walimu, pendekezo langu ni hili: kila shule itoe hadithi moja kabla mwaka wa masomo haujaisha, na shule jirani zibadilishane. Shule 10 ni hadithi 10. Kamati za wazazi, ninyi mnaopanga michango ya kila aina, wekeni nakala za fotokopi humo pia. Mimi nitarudi darasani kwa yule binti na kijitabu cha Mulongwe, na swali litakuwa lile lile: hadithi inasema nini?