Okapi wa Antwerpen na Msitu Wake

Katika mji wa Antwerpen, nchini Ubelgiji, msafiri akishuka garimoshi kwenye stesheni kuu hana haja ya kuuliza njia ya bustani ya wanyama. Lango lake liko papo hapo, kando ya stesheni. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1843, nayo ni miongoni mwa zile za kale kupita zote duniani. Si kubwa, maana mji umeizunguka pande zote: hekta zipatazo 10 tu.

Kinachomshangaza mgeni kwanza ni majengo. Watu wa zamani walipenda kuwajengea wanyama nyumba za kukumbusha nchi za mbali. Mwaka 1856 walisimamisha hekalu la namna ya Misri ya kale, lenye nguzo nene zilizopakwa rangi, liwe nyumba ya wanyama wakubwa. Wazazi hupita humo wamewashika watoto mikono, wakiwasomea vibao vinavyotaja jina la kila mnyama, chakula chake na nchi yake. Kisha hufika mbele ya mnyama mmoja mpole, mwenye mwili wa rangi ya kahawia iliyoiva na miguu yenye milia myeupe, ambaye ulimi wake mrefu huchuma majani kama mkono. Huyo ni okapi. Nchi yake ni Kongo, wala hana nchi nyingine.

Wambuti wa msitu wa Ituri walimjua okapi tangu kale, lakini wataalamu wa Ulaya hawakumjua mpaka mwanzo wa karne ya 20. Habari zake ziliwafikiaje? Karibu na mwaka 1900, Mzungu mmoja aliwachukua Wambuti kadhaa kutoka kwao, akitaka kuwapeleka Ulaya waonyeshwe kwa watazamaji. Sir Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza kule Uganda, alimnyang'anya watu hao, akawarudisha Kongo. Ndio waliomsimulia habari za okapi. Baadaye alipata vipande vya ngozi, kisha ngozi nzima na mafuvu, na mwaka 1901 mnyama huyo akapewa jina la kitaalamu lenye kumkumbuka Johnston.

Tusilipite jambo hili haraka. Siku zile wako Wazungu ambao hawakuona aibu kuwaweka watu nyuma ya ua. Katika mji huu huu wa Antwerpen, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1894, Wakongo 144 waliwekwa katika kijiji cha kuigiza ili watu waje kuwatazama. Baadhi yao walifia huko. Ni vema watoto wetu walijue hilo, si kwa ajili ya kulipiza kisasi, bali wapate kushika neno moja: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye amekabidhiwa wanyama awatunze. Mtu anayemfanya mwenzake kuwa mnyama ameharibu kazi ya Muumba, na kazi yake mwenyewe ameisahau.

Okapi wa kwanza kufika Ulaya akiwa hai aliletwa Antwerpen mwaka 1919. Waliita jina lake Buta, kama mji wa Buta katika nchi ya Uele. Hakudumu. Miezi miwili haikutimia, akafa. Hata baada yake, wengi walikufa upesi, kwa taabu za safari na kwa minyoo ya tumboni. Watunzaji walijifunza polepole. Mwaka 1954 okapi alizaa katika bustani hiyo, lakini mtoto hakuishi. Miaka ilipita ndipo walipofaulu kuwalea. Na si ajabu, kwa maana mama hubeba mimba miezi kama 14, huzaa mtoto mmoja tu, naye humficha asionekane na chui.

Leo Antwerpen ndiko linakotunzwa daftari la okapi wote walio katika bustani za wanyama duniani. Humo huandikwa baba, mama na siku ya kuzaliwa, ili ndugu wasizae na ndugu na kizazi kisidhoofike. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Lakini je, mali yenyewe iko salama nyumbani? Huku kwetu, sheria inamlinda okapi tangu mwaka 1933. Epulu, katika Ituri, palianzishwa kituo cha okapi mwaka 1952. Mwaka 1992 msitu mkubwa ukatengwa uwe hifadhi yake, na mwaka 1996 UNESCO ikauhesabu katika urithi wa dunia. Hata hivyo, mwezi wa Juni mwaka 2012, watu wenye silaha walikishambulia kituo cha Epulu. Waliua watu, wakiwamo walinzi wa hifadhi, wakachoma nyumba moto. Kulikuwa na okapi 14 katika mazizi, na mwishowe hakupona hata mmoja.

Tunamkumbuka Nuhu. Safina yake iliwaokoa wanyama, lakini haikuwa makao yao. Gharika ilipopungua, aliufungua mlango nao wakatoka kwenda kuijaza nchi. Bustani ya Antwerpen nayo ni kama safina. Yafaa kuishukuru kwa kuwahifadhi okapi wachache. Lakini siku mlango ukifunguliwa na msitu haupo, watatoka waende wapi?

Enyi wazazi, jibu la swali hilo halimo katika daftari la Antwerpen. Limo mikononi mwetu. Tusinunue nyama wala ngozi ya mnyama aliyekatazwa, hata ikiuzwa kwa bei ya chini. Tusiwatume vijana wetu kuchimba dhahabu ndani ya hifadhi. Na walinzi wanaolala msituni mbali na wake zao na watoto, tuwataje katika sala zetu za jioni. Mtoto wa Antwerpen hulipa apate kumtazama okapi nyuma ya ua. Mtoto wa Ituri na arithi msitu wenye okapi ndani yake.