Leseni ya programu ya wasioona nayo iingie kwenye bajeti

Dakika 40. Huo ndio muda ambao programu ya JAWS humpa mtumiaji asiye na leseni. Zikiisha, sauti inakatika na inabidi kompyuta izimwe na kuwashwa upya ili apate dakika 40 nyingine. Kwa mwanafunzi asiyeona anayeandika TFC yake, au katibu anayejibu barua za ofisi, ni sawa na kuzimiwa taa katikati ya sentensi, mara kumi kwa siku.

Hapa Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, watu wengi hawajawahi kusikia jina hilo. JAWS husoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini: barua pepe, hati, jedwali la hesabu, ukurasa wa intaneti. Ilianzishwa Marekani mwaka 1989 na kampuni ya Ted Henter, mtu aliyepoteza macho yeye mwenyewe, na leo iko mikononi mwa kampuni ya Freedom Scientific. Leseni yake ya kudumu huhesabiwa kwa mamia ya dola, na ile ya kazini inaweza kupita dola 1 000. Kwa familia nyingi za Kivu hiyo ni bei isiyofikirika. Ndiyo maana JAWS nyingi zinazoonekana huku zimefika kwa mkono wa mfadhili: shirika, parokia, chuo kikuu rafiki cha Ulaya.

Zawadi inapokelewa, picha inapigwa, hotuba inasomwa. Shida huanza baadaye.

Neno « kudumu » linawadanganya wengi. Leseni ya kudumu haiishi, ni kweli, lakini inadumu kwa toleo lililonunuliwa. Kila mwaka kampuni hutoa toleo jipya lenye jina la mwaka, na ili kuhamia huko ni lazima kuwe na mkataba wa matengenezo uliolipiwa, ao kulipa tofauti. Mkataba wa namna hiyo hufunika matoleo mawili yanayofuata, kisha unakwisha. Sasa fikiria fundi mwenye nia njema anayeona tangazo la toleo jipya. Analipakua, anafuta la zamani ili kupata nafasi, anaondoka. Siku inayofuata kompyuta inasema leseni haifuniki toleo hili, na mwenye kompyuta anarudishwa kwenye dakika 40. Alikuwa na programu nzima jana. Leo ana robo.

Na hilo lingeepukika bila kutoa hata franka moja. Matoleo mawili ya JAWS yanaweza kukaa pamoja kwenye kompyuta moja. Toleo la zamani halipaswi kufutwa kabla jipya halijakubali leseni na kuonekana linafanya kazi. Lakini nani amemwambia fundi? Mara nyingi namba ya leseni ilibaki kwenye barua pepe ya mfanyakazi wa shirika aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao.

Vita imeongeza lake. Leseni ya JAWS ina idadi ya mara inavyoweza kuamshwa kwenye kompyuta. Mashine ikiibwa, ikiporwa ao ikiachwa nyumbani wakati wa kukimbia, nafasi yake inabaki imeshikwa huko ilikokwenda, mpaka kampuni iombwe kuirudisha. Anayeomba lazima aonyeshe namba yake. Aliyekimbia na mtoto mgongoni hakubeba karatasi hiyo. Tena, tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango, na kulipa kwa kadi huko nje ya nchi kumekuwa safari nyingine kabisa. Hata mwenye pesa mkononi anaweza kushindwa kulipia toleo jipya.

Kuna wanaosema: basi tuchukue nakala za wizi, kila mtu anazo. Ushauri huo ni mbaya, na si kwa sababu ya sheria tu. Programu ya kusoma skrini inasikia kila kitu, pamoja na neno la siri na namba ya akaunti. Kuipokea kutoka kwa mtu asiyejulikana ni kumpa mgeni ufunguo wa nyumba.

Njia ya halali na isiyo na bei ipo. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akisaidiwa baadaye na mwenzake James Teh, naye asiyeona. Ni bure, haina namba ya kuamsha, inasema Kifaransa vizuri na sauti yake ya ndani inajua hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya chuma. Inaweza kuwekwa kwenye fleshi na kutumiwa kwenye kompyuta ya sibe. Kwa mtu anayehamahama, hakuna cha kushinda hilo. Kwa maoni ya gazeti hili, mfadhili anayetaka kusaidia watu kumi angefanya vizuri kuanzia hapo, na kuweka dola zake kwenye mashine, umeme wa jua na mwalimu. JAWS ibaki kwa kazi ambako programu za ofisi zinaihitaji kweli.

Bure, hata hivyo, haimaanishi bila kuangaliwa. Toleo la NVDA la mwaka 2024 liliacha kukubali Windows 7, na kompyuta za msaada zenye Windows 7 bado ni nyingi. Viongezo vya zamani hukataa toleo jipya mpaka waliovitengeneza wavirekebishe. Sauti nzuri zinazouzwa zina leseni zake za pembeni. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kutunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, vituo vingi vitalazimika kubadili mashine, na hapo ndipo leseni zitapotea kwa wingi ikiwa hakuna aliyeziondoa kwenye zile za zamani kwanza.

Daftari moja lingetosha: namba ya leseni, toleo, mashine iliyomo, tarehe ya mwisho ya mkataba, na anwani ya barua pepe ya taasisi, si ya mtu. Nakala yake ikae nje ya mji.

Kongo ina sheria ya 3 Mei 2022 juu ya ulinzi na uendelezaji wa haki za watu wanaoishi na ulemavu. Inazungumzia masomo, inazungumzia kazi. Lakini kompyuta isiyosema haimfikishi mtu kwenye masomo wala kazi. Kikao cha Septemba cha Bunge ni kikao cha bajeti. Wabunge wa Kivu na Ituri wanaweza kuuliza huko, kwa waziri husika, ni mstari gani unaolipia matengenezo ya programu hizi katika vyuo vikuu vya serikali, na kiasi gani.